Kaburi la Katikati

Benjamini alipomjengea mama yake kaburi, mama mwenyewe alikuwa mzima wa afya, tena siku hiyo alishinda shambani akipalilia viazi. Aliporudi na jembe begani akakuta mafundi wawili wanachanganya saruji nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na mwanawe amesimama kando yao kakunja mikono ya shati, anatabasamu.

"Mama, usiangalie kwanza," alisema Benjamini. "Bado hatujamaliza."

Aliangalia. Nani asingeangalia? Kushoto lilikuwa kaburi la Zabron, mume wake wa kwanza, baba yake Benjamini, ambalo miaka yote lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mti. Kulia lilikuwa la Aroni, mdogo wake Zabron, mume wake wa pili, aliyezikwa kabla ya Krismasi. Yote mawili sasa yalikuwa yamevikwa vigae vyeupe, vile vile ambavyo Benjamini huwauzia wenye mabaa na vituo vya mafuta katika duka lake la vifaa vya ujenzi pale Iyunga. Na katikati, palipoachwa nafasi ambayo siku ya maziko ya Aroni mama huyo, Faustina, alidhani ni ya watu kupita, palikuwa pamejengwa la tatu. Lilikuwa tupu, ila jina lilikuwa limeshaandikwa: FAUSTINA, MKE MPENDWA. Mke wa nani, halikusema. Pengine fundi aliona nafasi haitoshi, pengine aliona haya.

"Nyumba yako ya milele hiyo," Benjamini alisema. "Utalala katikati ya baba na baba mdogo. Mama, zunguka vilima vyote hivi, hakuna mama aliyepewa heshima kama hii."

Faustina aliketi juu ya mfuko wa saruji. Mwanawe akadhani ni furaha.

Tusimlaumu sana Benjamini. Wapo watoto wanaowanyima wazazi wao hata panadol, halafu wakifa wanawapigia bendi. Yeye hakuwa wa hivyo. Alimpenda mama yake kwa dhati, na hapo ndipo penye taabu. Adui unaweza kumfukuza kwa jembe. Mtoto anayekupenda vibaya utamfukuza kwa nini?

Faustina hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa Iringa, binti wa Kihehe, Mkatoliki, akasoma kwa masista Tosamaganga mpaka mama yake alipomhitaji kwenye kibanda cha chai pale Ipogolo, chini ya mlima, kando ya barabara kuu. Hapo ndipo Zabron, dereva wa lori, aliposimama kunywa chai, akarudi kunywa nyingine, na safari zote zilizofuata lori lake likawa na kiu ya ajabu. Akamwoa, akamleta juu ya vilima vya Iyunga. Faustina akahama kanisa kumfuata mume, akajifunza lugha ya watu, akajifunza kuita ndizi chakula. Zabron alimpenda. Akirudi safari aliacha lori barabarani akapanda kilima kwa miguu, anaimba kwa sauti mbaya ili mkewe ajue kuwa ni yeye. Kisha masika moja homa ikamchukua, Benjamini akiwa bado anabebwa mgongoni.

Matanga yalipoanuliwa, Mzee Saulo, mkubwa wa ukoo, aliushika mkono wa mjane akauweka katika mkono wa Aroni. Mjane hakuulizwa. Ng'ombe wa mahari hawajafa, walisema, aliyekufa ni mwenye ng'ombe tu. Aroni wakati huo alikuwa na mke wa pete, Esta, aliyefunga naye ndoa madhabahuni mbele ya watu. Kwa hiyo baraza la wazee wa kanisa likakaa, likaona kwamba Faustina ni mwanamke anayeishi na mume wa mtu, likamtenga na meza ya Bwana. Na kiongozi wa wazee wa kanisa alikuwa nani? Mzee Saulo huyo huyo. Kwa mkono wa ukoo alimwoza, kwa mkono wa kanisa akamtenga, na sijasikia kwamba mikono hiyo ilipata kugombana.

Aroni naye alitengwa, ila Aroni meza yake ilikuwa kilabuni, hakuona pengo. Aliyeona pengo ni Faustina. Jumapili za chakula cha Bwana alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, pamoja na wasichana waliopata mimba na walevi, akamtazama Esta anakwenda mbele, anapiga magoti, anarudi akijifuta midomo. Esta alikuwa na namna ya kujifuta taratibu akifika usawa wa benchi lile. Nywele za Faustina ziliota mvi akiwa kwenye benchi hilo.

Basi Aroni alipokufa, kanisa likasema kizuizi kimeondoka, mama anaweza kurudi kundini. Ila lazima atubu mbele ya usharika wote, Ijumaa Kuu, ili Pasaka imkute mezani. Mzee Saulo ndiye aliyekuja nyumbani kumfundisha maneno.

"Utasema hivi, mama: Nilianguka katika dhambi kwa kukaa na mume asiye wangu."

"Mzee, nilianguka au nilisukumwa?"

"Sema tu nilianguka," alisema Mzee Saulo. "Ndivyo tunavyosemaga siku zote. Ukianza kueleza, ibada itakuwa ndefu."

Faustina alisema nilianguka. Alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani, maana alikitaka kile kikombe, na mwenye kiu hachagui kata. Mzee Saulo alitamka haleluya ya kwanza. Mtenda husahau, mtendwa ndiye huenda na mzigo wake mpaka nyumbani. Jumapili ya Pasaka alipiga magoti mbele pamoja na wengine, akapokea mkate na divai, akalia, na machozi hayo hakuna aliyemwonea kijicho isipokuwa labda Esta.

Jumatatu ya Pasaka Mchungaji Sifaeli alifundisha habari za ufufuo. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kupenda kuchekesha kidogo kabla ya kuuma. Akawasimulia wale wakubwa waliomwendea Yesu na hadithi ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifa anamwachia mwenzake. Siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Kanisa likacheka. Wengine walisikia kitendawili. Faustina alisikia anasimuliwa habari zake mwenyewe, ila kwake yeye walikuwa wameishia wawili.

Mchungaji alipokaribisha maswali, alisimama.

"Mchungaji, na yule mama, yeye alijibiwaje?"

"Mama yupi?"

"Huyo wa wanaume saba. Wakubwa wameuliza, wakubwa wamejibiwa. Mama mwenyewe alikuwa anataka nini?"

Watu walianza kucheka tena, kisha wakaacha. Mchungaji Sifaeli alifunga Biblia yake akafikiri, na tumpe haki yake, alifikiri kweli.

"Mama, mimi naona jibu lile lilikuwa la kwake," alisema. "Wao waliuliza ni wa nani. Bwana akasema siku ile hakuna kuoa wala kuolewa. Maana yake yule mama atasimama mwenyewe. Hatakuwa wa mtu. Atakuwa wa Mungu."

"Siku ile tu?"

"Hapana, mama. Aliyebatizwa amekwisha kufufuka na Kristo. Uzima ule haungoji kaburi, unaanza hapa hapa. Tuuishi leo, shambani, jikoni, ndani ya nyumba zetu. La sivyo Pasaka ni kula pilau tu."

Faustina alipanda kilima siku hiyo kama mtu aliyetuliwa gunia. Miaka mingapi amekaa kwenye dini hii akiambiwa atafufuka, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba atafufuka akiwa yeye! Kesho yake alimfuata mchungaji ofisini, akamweleza habari za vigae. Alimwomba kitu kimoja tu. Jumamosi ingekuwa shughuli ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Aroni, ukoo wote utakuwepo. Aseme mbele yao maneno yale yale, na kwamba mama huyu azikwe peke yake, mahali pake.

"Nitasema," Mchungaji Sifaeli alisema. "Neno la Mungu halina ukoo."

Jumamosi ikafika. Benjamini alichinja ng'ombe, akafunga maturubai, akaleta viti na spika kutoka mjini, na rafiki zake wafanyabiashara wakaja na magari yao, viatu vyao vinateleza kwenye tope jekundu. Vigae vilikuwa vimeoshwa mpaka vinaumiza macho. Faustina alikaa mbele amevaa kitenge kipya, na kwa mara ya kwanza tangu yajengwe aliyatazama yale makaburi bila kugeuza uso, kwa sababu alijua kinachokuja.

Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema mauti imemezwa, alisema kaburi si mwisho, akaja taratibu mpaka kwenye habari ya wale ndugu saba. Hapo akainua macho. Alimtazama Mzee Saulo, aliyekuwa anaitikia kwa kichwa. Alimtazama Benjamini, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. Benjamini aliyekuwa ameahidi kuweka vigae madhabahu nzima kabla ya sikukuu ya mavuno.

"Na siku ile parapanda itakapolia," Mchungaji Sifaeli alisema, "jamaa hii itaamka pamoja. Baba, mama, na baba mdogo. Wataamka wameshikana mikono, kama alivyotuandalia kijana wetu huyu."

"Amina!" ukoo ukaitika.

Akayabariki makaburi. Akalibariki la Zabron, akalibariki la Aroni, na lile tupu la katikati akalinyooshea mkono akaliombea kwa jina la mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, anapumua.

Faustina akasimama.

"Mchungaji, Jumatatu hukusema hivyo."

Mtu mmoja akazima spika. Mchungaji alitazama viatu vyake.

"Wazee wangu, na wewe Benja, mnisikie," alisema Faustina. "Mimi hapo sitalala. Nizikeni kwenye mahindi, nizikeni kando ya njia, sitadai kigae hata kimoja. Nilipelekwa kwa Aroni mnajua nilivyopelekwa. Nimekaa naye mpaka amekufa. Yamekwisha. Hapo katikati hapana."

Ungedhani Mzee Saulo atafoka. Hakufoka. Alicheka, tena kicheko cha upole, kama anavyochekwa mtoto aliyekataa kunyolewa.

"Ndaga, mama Benja, asante," alisema. "Umesema, tumesikia. Leo mdomo unao. Lakini maiti hajizikagi mwenyewe, mama. Siku hiyo jembe tutashika sisi." Kisha akawageukia akina mama wa jikoni. "Chakula kiko tayari?"

Watu wakacheka kwa nafuu ya kupata ruhusa ya kucheka. Sahani zikapita. Mchungaji Sifaeli alipewa minofu ya mgongo, akaila bila kuinua uso.

Benjamini alimfuata mama yake nyuma ya jiko, macho mekundu.

"Mama, watu wa mjini wamerekodi kwenye simu. Umeniaibisha. Mimi nimekukosea nini? Si heshima hii? Ulitaka nikutupe porini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Hujaniuliza tu. Mimi ni mama yako, siyo kigae, kwamba unanipanga palipobaki nafasi."

"Nafasi hiyo aliipima Babu Saulo. Ukoo ulishaamua. Ningefanyaje?"

Na kwa kweli angefanyaje? Mtoto mwenyewe alikuwa amelelewa na Aroni akimwita baba. Faustina alimfuta uso kwa pembe ya kitenge, kama zamani, na moyo wake ukawa mchungu mpaka ulimini.

Siku chache baadaye alifunga safari kwenda Iringa. Kaka yake, Ambrosi, alikuwa bado Ipogolo, na pale kibanda cha mama yao kilipokuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma.

"Kamwene, dada!" Ambrosi alimpokea mkoba. "Karibu, mnyalukolo, ndugu yangu. Umekonda."

Alimchinjia kuku. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Ndipo Faustina akatoa lililomleta.

"Mama amelala kule juu. Kando yake kuna nafasi. Nikifa njooni mnichukue, mnilaze hapo."

Ambrosi alilisukuma bakuli la mchuzi kando.

"Dada, hapa una kitanda, una sahani. Kaa hata mpaka uzeeke. Lakini kaburi ni kitu kingine. Binti aliyeolewa akizikwa kwao, wanasema aliachika. Wale watakuja na gari lao, watataka maiti yao, tutapigana ngumi juu ya jeneza. Na padre naye ataniuliza, huyu si alihama? Wewe ni wa watu, dada."

"Wa nani?"

"Wa Zabron."

"Zabron amekufa."

"Basi wa Aroni."

"Aroni naye amekufa."

"Basi wa Benjamini," alisema Ambrosi kwa sauti ndogo, maana alishasikia mwenyewe anavyosikika.

Faustina alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na mke wa Ambrosi alichungulia kutoka jikoni.

"Mna mambo nyie," alisema. "Huku Wakatoliki, kule wenzenu, wote mna hakika kabisa kwamba nitafufuka. Lakini pa kulala nikingoja, hakuna hata mmoja wa kunipa."

Ambrosi alimpa debe la vitunguu na kuku jike wa kufuga, akamsindikiza mpaka stendi, akalia gari lilipoondoka. Ndivyo watu wema walivyo. Watakupa kila kitu isipokuwa kile ulichoomba.

Aliporudi nyumbani alimkuta Esta kwenye migomba, anakata majani ya kufunikia ndizi. Wake wale wawili wa Aroni walikuwa wameishi boma moja ujana wao wote na uzee wao ulipoanza, na maneno yao yote ya miaka hiyo, ukitoa salamu, yangetosha kwenye kiganja. Lakini Faustina alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana pa kuficha kiburi chake.

"Esta, mke wa Aroni wa pete ni wewe," alisema. "Hapo katikati ni haki yako, mimi nimewekwa tu. Twende kwa Benja wote wawili. Afute jina langu, aandike lako. Mimi nitachukua popote walipokupangia wewe."

Esta aliweka kisu chini. Alijifuta midomo taratibu, kwa mazoea tu.

"Mimi hawajanipangia popote," alisema. "Wamenisahau. Walivyoanza kuchimba hapo niliumia, nisikudanganye. Nikasema tazama, mimi ndo wa ndoa, na vigae anapata yeye. Nikakuchukia upya. Halafu nikafikiri. Mimi watanifukia kule chini kwenye mahindi, tuta la udongo, basi. Peke yangu. Asubuhi ile nikiamka, hakuna mwanaume pembeni wa kuniuliza chai iko wapi." Aliokota kisu chake. "Maisha yangu yote nimesahauliwa, ni mara ya kwanza naona faida. Na tuta hilo ndo unataka nikupe? Sikupi, mwenzangu."

Faustina hakuweza kumkasirikia. Angekuwa yeye, naye asingetoa.

"Simwogopi Aroni," alisema. "Aroni namjua. Ni Zabron. Atafumbua macho, atageuka kunitafuta, yule alinipenda. Ataniona nimelala, na ubavu wangu wa pili yuko mdogo wake. Nitamwambia nini?"

"Mwambie walikuweka."

"Nilishasema nilianguka. Nilisema kanisani, Ijumaa Kuu, kwa mdomo wangu, na Mungu anasikia."

Esta alimkatia mwenzake jani moja zuri la mgomba akampa, na kwa kuwa hapakuwa na matumizi yake, Faustina alibaki amelishika tu.

Jumapili ya chakula cha Bwana ilipofika tena, Faustina alikwenda mbele pamoja na wengine. Hakuna aliyemzuia, siku hizi alikuwa kundini. Mchungaji Sifaeli alipita na sahani, na alipofika kwake akamwekea mkate haraka kama anayelipa faini, akaenda kwa mwingine. Mzee Saulo alifuata nyuma na kikombe, akamtabasamia kwa mapenzi yote.

Faustina alikunywa. Kisha alifumba macho, akaomba. Hakuomba aondolewe pale katikati, kwani alijua kwamba jembe watashika wao. Alimwomba Mungu kitu kidogo kuliko hicho. Bwana, siku ile usiniite pamoja nao. Niamshe mapema kidogo, parapanda haijalia, kama mtu anayeamshwa awahi gari. Nitatoka polepole, sitagusa mtu. Ili Zabron akifumbua macho na kugeuka, akute pembeni yake ni patupu, adhani bado sijafika.